Kumsomesha mtoto wa form four siyo kulipa ada

Kila nikimwambia mtu kuhusu mchango ambao watu wa kwetu tunachanga kwa ajili ya watoto wa kidato cha nne lazima aniulize swali lile lile, sasa nyie mnalipa nini wakati elimu ni bure? Na wengi hawaulizi kwa ubaya, wanajua ada ilifutwa tangu Januari 2016 na wana haki ya kushangaa. Leo nimeamua niandike kwa kirefu maana nimechoka kujibu kwa voisi za dakika sita sita.

Tuanze na hiyo ada yenyewe. Kabla haijafutwa, sekondari ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa mwaka jamani, siyo kwa mwezi. Bweni 70,000. Waliokuwa wanakosa shule kwa sababu ya hiyo 20,000 walikuwepo, sikatai, na kufutwa kwake kumewasaidia, ila kwa wengi ninaowajua mimi kilichokuwa kinawatoa shuleni ni vile vitu ambavyo havijawahi kuwa na risiti, yaani sare, viatu, kauntabuku, chumba, unga, mwanga wa kusomea, mchango wa kambi, pedi. Ada ilipofutwa serikali ikawa inapeleka shuleni ruzuku kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na hiyo ni ya kuendeshea shule, haifiki tumboni kwa mtoto. Sisi tunaingilia hapo hapo tumboni.

Kwetu ni Newala, mkoa wa Mtwara, juu kule kwenye uwanda wa Makonde. Wazee wetu wakati wao sekondari za kusini zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, Ndanda, Chidya, Masasi Wasichana, ukichaguliwa umechaguliwa, kijiji kizima kinajua. Ikaja 2006 na shule za kata, kila kata ijenge ya kwake, wakazitukana sana zile shule wakaziita majina yote lakini mimi nazitetea mpaka kesho, bila hizo mabinti wengi wa rika langu wangeishia la saba. Shida ni kwamba shule ya kata ni ya kutwa na kata yenyewe ni kubwa, mtoto anatoka kijiji cha mwisho kabisa, kutembea kila siku hawezi, hosteli hakuna au ipo na imejaa, basi wazazi wanampangishia chumba karibu na shule. Watoto wanaita geto. Usije ukafikiria geto la mjini lenye sabufa na pazia. Hili ni chumba cha udongo na bati, mabinti wawili au watatu, umri miaka kumi na sita kumi na saba, wanajipikia, wanajilinda, wanajisomesha.

Kuna geto moja niliingia nikakuta ndoo ya plastiki ile nyeupe inayoonyesha ndani, ya unga, na pembeni wamechora mistari kwa markapeni, J3, J4, J5, Alhamisi, kila mstari unaonyesha unga unatakiwa uwe umefikia wapi siku hiyo, ukipita mstari kesho mnakula kidogo. Alhamisi imechorwa karibu kabisa na tako la ndoo. Ijumaa haipo. Nikamuuliza binti mbona Ijumaa hamjaichora akanijibu kama vile nimeuliza kitu cha ajabu, "Ijumaa tunaenda nyumbani dada, kufata unga mwingine." Yaani Ijumaa wanatoka shule wanatembea na njaa mpaka kijijini, Jumapili wanarudi na kiroba kichwani. Madaftari yalikuwa yametundikwa ukutani kwenye mfuko wa salfeti, panya wasile. Mboga siku hiyo ilikuwa mbaazi, ya jana yake.

Alafu maji. Anayeijua Newala anajua, uwanda uko juu na maji yako chini. Mradi wa maji wa Makonde upo tangu enzi za mkoloni na mpaka leo kuna sehemu ndoo ya maji inanunuliwa, ukikosa ya kununulia unaamka alfajiri unaenda kuisubiri. Sasa mtoto wa form four ambaye mwenzake wa shule ya bweni saa kumi na moja alfajiri yuko darasani na topiki ya matriksi, yeye saa hiyo yupo foleni na ndoo. Mtihani ni ule ule wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, muda ule ule.

Kwahiyo mtu akiniuliza mnalipa nini namwambia tunanunua muda. Unga ukiwepo, maji yakiletwa na mtu wa baiskeli, taa ya sola ikiwepo, mtoto anapata masaa yake ya kusoma. Mwaka wa mwisho hauna kitu cha thamani kuzidi hayo masaa.

Sisi wenyewe hatuna jina rasmi, hatujasajiliwa kitu, ni grupu la WhatsApp la watu wa kwetu. Wengi tupo Dar, Mbagala na Tandika huko, wengine Mtwara mjini, kuna muuguzi, kuna dereva wa lori, kuna kaka ana duka la vifaa vya ujenzi, wanachuo wawili watatu wanaochangia kwa nguvu zao badala ya hela. Kima ni 10,000 kwa mwezi, anayeweza zaidi anaongeza na hatangazwi. Mhasibu ni dada mmoja mkali kama pilipili kichaa, hapokei maelezo, anapokea muamala.

Hela hatumpi mtoto na hatumpi mzazi. Watu wanaona tuna dharau lakini tukimtumia mama yake 40,000 na nyumbani kuna bibi anaumwa, unategemea afanye nini? Atampeleka bibi hospitali, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Tunachofanya ni kuongea na mama mwenye duka karibu na shule, ana daftari, kila mtoto ana ukurasa wake, anachukua unga, maharage, mafuta, sabuni, kalamu, pedi, anasaini, mwisho wa mwezi mama anapiga picha kurasa anamtumia mhasibu, mhasibu analipa kwa simu. Soda hamna, bando hamna. Kuna mwezi tukaona kijana mmoja amechukua chumvi kilo tatu, mhasibu akapiga simu, "Mama shikamoo, huyu mtoto anakausha samaki?" Mama akacheka mpaka simu ikakatika, kumbe iliyoandikwa chumvi ni vocha ya simu. Tukaongea na kijana, yakaisha, na kiukweli tukaweka vocha kidogo kwenye bajeti maana mtoto wa miaka kumi na nane naye ana watu wa kuwapigia.

Chumba tunamlipa mwenye nyumba, miezi sita sita, na hapo ndo tunachagua nyumba, tunataka mama mtu mzima anayeishi hapo hapo na mlango wenye komeo la ndani. Hili la komeo usilichukulie poa. Sheria ya elimu ilirekebishwa 2016, ukimpa mwanafunzi ujauzito ni miaka 30 jela, sheria ni kali vizuri tu, lakini mwenye kumsumbua binti usiku hajaja na kitabu cha sheria, anakuja na chipsi na lifti ya bodaboda kwa mtoto ambaye ndoo yake imefika Alhamisi. Nimeshasikia watu wazima wanasema mabinti wa siku hizi wana tamaa. Tamaa ya chipsi! Mpe mtoto unga uone kama hiyo tamaa utaiona tena.

Kitu kingine ambacho mtu wa nje haelewi ni korosho. Kwetu hela ina msimu wake. Korosho zinaanza kuanguka kama Septemba hivi, minada inaanza Oktoba, mkulima anapeleka chama cha msingi cha ushirika, korosho inaingia ghalani, inauzwa mnadani, hela inaingia benki baadae. Sasa angalia kalenda ya shule. Januari mpaka Machi kama nyumba ilipata chochote ndo kinaisha, Mei Juni watu wanatafuta hela ya salfa ya kupulizia mikorosho na mbele hamna kitu, na huo ndo wakati wa maandalizi ya mock, ule mtihani wa majaribio, na michango ya kambi. Hela inarudi Novemba wakati mtoto yupo chumba cha mtihani. Na ubaya zaidi ni huu, Oktoba ambayo form four anatakiwa akae na pasipepa, mitihani ya miaka ya nyuma, asinyanyue kichwa ndiyo Oktoba ambayo kila mkono nyumbani unatakiwa shambani kuokota. Mzazi hana roho mbaya, hizo korosho ndo mwaka mzima wa familia. Tulikuja kujua kwamba njia rahisi ya kumbakiza mtoto kambini mwezi wa kumi ni kumlipia mzazi kibarua wa kuokota, kwa siku kadhaa tu. Kuna mwenzetu kwenye grupu alikasirika kweli, tumechanga hela ya elimu inaenda kuokota korosho? Nikamwambia ndiyo kaka, hiyo ndo elimu yenyewe.

Kambi kwa wasiojua, ni shule za kutwa zinachukua watoto wa mtihani wanalala shuleni miezi ya mwisho, madarasa yanageuka mabweni, kila mzazi analeta unga, maharage na hela ya mpishi. Zinasemwa sana hizi kambi na kuna mahali zimekuwa biashara, ila kwa mtoto wa geto kambi ni neema, anakula bila kupiga mistari kwenye ndoo. Anayeshindwa mchango wa kambi huwa haambiwi aondoke, anaona aibu mwenyewe tu, anaanza kusema anaumwa kichwa anarudi geto.

Sasa sehemu ngumu, kuchagua. Mwaka wa kwanza tuliomba shule itupe orodha ya wenye uhitaji, ikaja orodha nzuri imechapwa, ya kwanza mpaka ya kumi wote wanaongoza darasani. Tukauliza vipi, uhitaji umefata namba za darasa? Jibu likawa mkiwasaidia hawa mtaona matunda. Ni kweli, divisheni one inapendeza kwenye picha na kila mfadhili anaitaka. Lakini mtoto wa divisheni one ana walimu wanaompenda, ana mjomba anayejivunia, akikwama kuna mtu atajitokeza. Mimi napigania yule wa katikati. Matokeo ya form four yanahesabiwa kwa masomo saba bora, pointi 7 mpaka 17 ni one, 18 mpaka 21 two, 22 mpaka 25 three, 26 mpaka 33 four, zinazobaki ni ziro. Kati ya 25 na 26 pana pointi moja tu, ila wa 25 mwenye C zake tatu anaitwa form five na wa 26 anarudi nyumbani kuanza kujitafuta. Hiyo pointi moja mara nyingi ni wiki tatu za kuokota korosho. Hapo shilingi yetu inafanya kazi kubwa kuliko kwa yule ambaye angepata 12 hata angesomea chini ya mti.

Siku hizi orodha ya shule tunaipokea, tunaangalia na kaya zilizopo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, afu tunamuuliza mama wa duka. Mama wa duka anajua nani anakopa chumvi ya mia.

Na tunamuuliza mjomba! Hapa watu wa bara huwa wanacheka. Sisi kimila ukoo unafata kwa mama, mjomba ndiye mwenye sauti kwa watoto wa dada yake, baba anaweza kukubali kila kitu afu mjomba akasema binti ameshakua inatosha. Kwahiyo kabla hatujamchukua mtoto tunamtafuta mjomba, shikamoo mjomba, tunamweleza, tunamwomba na yeye atoe kitu, hata debe la muhogo mkavu. Siyo kwamba tuna shida na muhogo wake. Mjomba aliyetoa muhogo Machi hawezi kuja Septemba kusema binti aache shule akaolewe, ameshaweka mkono wake.

Picha ndo zilitaka kutuvunja. Alijitokeza mtu mwenye uwezo, alikuwa tayari kuleta mchango mnono kwa mkupuo, sharti watoto wapange mstari wameshika miche ya sabuni na bango lenye jina lake. Grupu likagawanyika, wengine wakasema picha inaua nani, mtoto akishiba mtasema nini. Mimi nilikuwa upande wa kukataa na mpaka leo sijabadilika, wale ni watu wa form four siyo watoto wa chekechea, kesho picha ipo kwenye simu ya kila kijana wa kata, binti anapita anaitwa "mche wa sabuni". Hela ile hatukuipata, tulibana mwaka ule, miezi miwili mafuta ya kula yalitoka kwenye orodha.

Kuhusu masomo yenyewe sitaandika sana, walimu wapo na wanajitahidi, wachache tu. Wanachuo wetu wanaenda likizo ya katikati ya mwaka kufundisha hesabu, somo ambalo taifa zima linalilia. Mmoja wao, anasoma uinjinia, alirudi na kitu kimoja ambacho hakinitoki. Aliwapa swali la faida na hasara la Kiingereza la mtihani uliopita, karibu darasa zima wakakosa. Akalisema swali lile lile kwa Kiswahili, mfanyabiashara kanunua, kauza, kapata asilimia ngapi, mikono ikajaa hewani. Watoto wa familia za korosho hao, asilimia za makato ya chama wanazijua toka utotoni! Basi tukaacha kununua vitabu vipya vya hesabu, tukawanunulia kamusi na kuchapisha mapasipepa, na jioni wanakaa wanatafsiri maswali tu, bila hata kuyafanya. Kuna waliopanda kutoka F kwenda D kwa zoezi hilo peke yake, na D kwenye hesabu kwa shule yetu watu wanachinja kuku.

Nirudi kwenye kinachoniumiza. Karibu kila anayesomesha mtoto wa mwaka wa mwisho anaona kazi imeisha Novemba, mtoto katoka mtihani, tumepiga makofi, asanteni wadau. Kumbe hapo ndo tunawapoteza. Matokeo yanatoka Januari, form five inaanza Julai. Hesabu hiyo miezi. Mtoto amerudi kijijini, hana sare, hana ratiba, na kila mtu anamwona mtu mzima. Desemba anakuja shangazi kutoka Dar, "huyu kwanini anakaa bure, nikamtafutie kazi ya ndani." Kijana anapewa bodaboda ya mtu, anaanza kushika elfu tano kila siku, Julai ukimwambia habari za kombi ya masomo ya form five anakuangalia tu. Tulikuwa na binti alipata divisheni two, two jamani kutoka kwenye lile geto, ilipotoka barua ya kujiunga alikuwa Tabata analea watoto wa watu na nyumbani kwao hakuna aliyempigia simu kumwambia amechaguliwa.

Afu uione hiyo barua ya kujiunga. Ada ya form five na six nayo ilifutwa 2022, sawa, lakini fungua kurasa: godoro, shuka, chandarua, ndoo, jembe au reki, rimu za karatasi, sare jozi mbili, viatu vyeusi, na shule yenyewe unakuta amepangiwa mkoa wa mbali ambao toka Newala lazima alale njiani. Mzazi akishajumlisha anaikunja ile karatasi anaiweka juu ya kabati. Hakatai, anaiweka tu.

Kwahiyo tulibadilisha, tunamshika mtoto mpaka Julai. Kati hapo tunawapa kazi, waliomaliza wanarudi shuleni kusimamia prepu za wadogo zao wa form two na three, tunawalipa posho ndogo, siyo wazo letu hilo, CAMFED, shirika linalosomesha mabinti, wanawatumia mabinti waliomaliza kwa mtindo wa namna hiyo muda mrefu na unaona inafanya kazi. Waliopata four tunawapeleka VETA, chuo cha ufundi, na hapo tena ni kubembelezana maana kijijini VETA inaonekana ni ya walioshindwa, wakati fundi umeme wa pale kwetu ndiye mwenye nyumba ya bati la rangi. Na kuna mmoja ambaye aliacha form three kwa ujauzito, ule waraka wa Novemba 2021 wa kuwarudisha shuleni walioacha ukamkuta mtoto ameshaanza kutembea, bibi akakubali kulea, akarudi darasa moja na waliokuwa nyuma yake. Mwanzoni alikuwa anakaa dawati la nyuma peke yake. Baadae akawa kiranja wa chakula kambini, na alikuwa anapima unga kwa ukali kuliko mhasibu wetu.

Jumapili hii tuna kikao na najua kutawaka. Kuna kundi linataka tuanze kuwachukua wakiwa form three, hoja yao ni kwamba form four ni kuchelewa, mtoto ameshapoteza miaka mitatu kwa njaa, na sina cha kuwabishia hapo, ni kweli tupu. Ila hela iliyopo inatosha kitu kimoja, ama tuongeze hao wa form three ama tuendelee kuwashika wa form four mpaka Julai, vyote viwili haiwezekani labda kima kipandishwe kifike 15,000 na dereva wetu wa lori ameshasema hiyo hapana. Mimi kura yangu ni Julai. Dada mhasibu bado hajasema yuko upande gani, amesema tu asiyelipa mwezi wa saba na wa nane asije kupiga kura.